Posa ya Mpishi wa Sabuni

Tangu siku ile, mtu akifungua chupa ya bia karibu yangu, natema mate. Si kwa ajili ya dini peke yake. Sisi Waislamu wa Rumonge tumezaliwa katikati ya watu wanaokunywa, tumezoea. Ni kwa sababu mimi, Asiya binti Mustafa, mama mtu mzima, nimeposwa kwa kreti za bia mbele ya wafanyakazi wenzangu, nimesimama na mwiko mkononi, na hao walioniposa hawakuwa hata wanatafuta mke. Walitaka mpishi wa sabuni. Ptuu!

Ngoja niseme taratibu, maana hasira inataka kunitangulia.

Kazi yangu ni kupika sabuni. Unachemsha mawese kwenye pipa, unatia soda kali kidogo kidogo, unakoroga mpaka mabega yafe ganzi na uji ushike. Nilikuwa nikipika kwa Mzee Tadeo, pale juu ya barabara ya Bujumbura. Yeye anapaita kiwanda. Ni banda la mabati lenye mlango mmoja, na madirisha aliyaziba kwa matofali kwa kuogopa wezi. Moshi wa kuni unabaki ndani, mvuke wa soda unabaki ndani, na sisi tunabaki ndani. Mawese yenyewe ananunua yale masalia ya chini ya pipa, meusi, yenye kunuka kama mdomo wa mlevi asubuhi. Nikirudi nyumbani binti yangu Kaoutar ananifungulia mlango ameziba pua, mtoto niliyemzaa mwenyewe.

Hayo yote ningevumilia. Kilichonishinda ni kifua. Kilianza kama kikohozi cha vumbi, kikapiga kambi. Ikafika mahali kupanda kile kilima kidogo cha kwetu nasimama njiani kama bibi kizee, nashika ukuta wa watu, najifanya nasalimia. Daktari wa zahanati alinipima, akaniambia kwa upole, "Mama, huna kifua kikuu. Una moshi. Toka kwenye huo moshi, dawa yako ni hiyo." Nikamwomba Mzee Tadeo atoboe madirisha. Alinicheka. "Nikitoboa wezi wakaingia, utawakamata wewe na kikohozi chako?"

Basi nikaamua kutafuta kazi kwingine, tena kwa siri. Na siri ilikuwa na sababu, sababu yenyewe anaitwa Shabani. Huyu Shabani alikuwa mchochea kuni wetu. Siku moja alikwenda Kigwena kuulizia kazi, na habari zikamfikia Mzee kabla Shabani mwenyewe hajarudi. Mzee alimfukuza kesho yake, kisha akashika simu na kuwapigia wenye mabanda ya sabuni wote wa pwani hii ya ziwa, mmoja mmoja: msimchukue, ni mwizi. Shabani hakuwahi kuiba hata kipande cha kuogea. Leo anaosha pikipiki ufukweni, na akiomba kazi watu wanaangalia mifuko yao. Kwa hiyo nilijua: Mzee akisikia kabla sijashika kazi mpya mkononi, nimekwisha.

Siri ya pili ilikuwa kifua chenyewe. Huku kwetu mwanamke akikohoa watu hawaulizi habari za moshi. Wanahamisha vikombe vyao. Mpishi anayekohoa nani atamwajiri? Nilijifunza kumeza kikohozi, nikiona kinakuja natoka kwenda kuchota maji, nakohoa kisimani.

Ukimtoa Mzee, ambaye yeye alicheka tu, aliyejua alikuwa mmoja, Pascasie, mkata sabuni, mwanamke wa Uvira, rika langu. Yeye ndiye aliyenisukuma. "Nenda, Mama Kaoutar," alikuwa ananiambia, "utafia humu bure na huyu mzee hatanunua hata sanda." Pascasie ndiye aliyesikia kwamba kuna mtu wa Nyanza-Lac anajenga kiwanda kipya cha sabuni katikati ya michikichi yake na hana mpishi.

Nikaenda siku ya Jumapili, banda likiwa limefungwa. Nyumbani nikaaga nakwenda kumjulia hali shangazi. Mungu anisamehe, shangazi nilimpa ugonjwa wa miguu.

Mtu mwenyewe anaitwa Melkiades. Alizaliwa kambi ya wakimbizi Tanzania, akarudi Burundi ana ndevu tayari, na tangu arudi anajifunza mila za Kirundi kama mtu anayejifunza baiskeli ukubwani: anakanyaga kwa nguvu mno na kila mtu anamwona. Alinipokea vizuri. Alinionyesha pipa jipya, akanionyesha ukuta ulioishia kiunoni ili hewa ipite, akanionyesha mahali atakapoweka bomba refu la kutolea moshi. Yarabi, nilipoona lile tundu kwenye paa machozi yalinitoka. Akaniuliza, mbona mpishi wa miaka mingi anahama? Nikamweleza ukweli, kifua, moshi, usiku nisiolala. Nilimweleza kwa sababu nilitaka lile bomba lijengwe kweli.

Kisha nikamwambia, "Baba, naomba kitu kimoja. Habari hizi zisitoke hapa. Mzee Tadeo akijua kabla hujaniita, mimi nimeharibikiwa. Na habari za kifua ndiyo kabisa."

Akaweka mkono kifuani. "Mama, mimi siyo mutu wa kusemasema. Haitatoka kwa mudomo wangu barabarani hata mara moja. Wewe rudi, tulia, nitafanya vizuri."

Nitafanya vizuri! Laiti ningejua vizuri yake ikoje, ningempiga kwa kiatu changu palepale.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa tunamimina sabuni kwenye fremu. Mchana, jua kali, banda limejaa mvuke. Nikasikia gari linaingia uani, halafu mlio wa chupa kugongana. Nikachungulia. Pikapu. Nyuma yake kreti za bia, na moja ya fanta imewekwa juu kwa heshima. Akashuka Melkiades, amevaa suti, anatoka jasho. Akashuka na Darius, yule msemaji wa kukodi wa Rumonge, ambaye hakuna posa wala mahari inayopita bila yeye kuongea, shuka begani, fimbo mkononi, sauti kama ya mtu anayeita mbuzi ng'ambo ya mto.

Nikajidanganya: pengine wamekuja kununua sabuni. Na fimbo? Na kreti?

Mzee Tadeo alitoka ofisini kwake akiwa amekunja uso. Alipoona kreti uso ukakunjuka. Hapana mtu apendaye kubembelezwa kama yule. Akaagiza viti viletwe mlangoni mwa banda, na sisi tukaitwa tusogee, maana jambo la kreti ni la watu wote.

Darius akasimama. "Mzee Tadeo, amahoro!"

"Amahoro meza."

"Sisi ni wapita njia. Tulikuwa tunapita zetu tukasikia harufu nzuri."

Harufu nzuri, kwenye banda lile! Nzi wenyewe wanaingia mle kwa kulazimishwa. Nilimwangalia Darius nikaona hata yeye pua imebana, lakini ulimi unaendelea, maana ndiyo kazi yake. "Tukauliza, harufu hii inatoka wapi? Watu wakatuambia, kwenye ua wa Mzee Tadeo kuna waridi limestawi. Na huyu mwanetu Melkiades amejenga nyumba, nyumba ina kila kitu, ila haina waridi. Tumekuja kubisha hodi."

Mzee akajiegemeza, anajua mchezo. "Waridi kwangu ni mengi. Mnasema lipi?"

Darius akanyoosha fimbo. "Lile lenye mwiko."

Na wenzangu, wajinga wa Mungu, wakapiga vigelegele! Mazoea ni kitu kibaya. Mtu wa huku akiona kreti na fimbo, mikono inapiga makofi yenyewe kabla kichwa hakijauliza kuna nini. Wakanigeukia, wanacheka, wananisukuma mbele. Nilikuwa na kilemba cha jikoni, uji wa sabuni mpaka viwikoni, na wanaume watatu wananitazama kama watu wanaochagua mbuzi wa Idi.

Nikamvuta Melkiades pembeni, nikamwambia nimeuma meno, "Baba, tulisema nini mimi na wewe?"

Akashangaa. Wallahi, alishangaa kweli. "Mama, sikuambia mutu. Nilikuja kwa mwenye mali moja kwa moja. Hiyo siyo kusemasema, hiyo iko heshima. Ningekuchukua kimyakimya wangesema Melkiades anaiba vya majirani, eti ametoka kambini hajui mila. Nilikuambia nitafanya vizuri."

"Mwenye mali gani?"

"Si Mzee Tadeo?"

Angekuwa mnafiki ningejua la kumfanya; wanafiki nimewalea, nimewazika. Huyu alikuwa na nia njema inayong'aa usoni kama mafuta. Aliona kabisa kwamba amenifanyia jambo la fahari.

Darius hakuwa amenyamaza. Alikuwa amefika kwenye sababu, maana posa lazima iwe na sababu. "Mzee, waridi hili kwako linanyauka. Lenyewe limetuambia kwa kinywa chake! Linakohoa, kifua kimejaa, usiku halilali. Sisi tuna hewa, Mzee. Tupe tuliponye."

Vigelegele vikakatika. Nikasikia macho yao mgongoni. Mama mmoja wa kufungasha, niliyekula naye ugali sahani moja mchana uleule, akajivuta hatua nyuma na kuziba mdomo kwa ncha ya kitenge. Nilichokimeza mwaka mzima, nilichokwenda kukikohoa kisimani, kimetangazwa na fimbo mbele ya halaiki, tena kwa sauti ya harusi. Nilitamani ardhi ipasuke, inimeze mimi kwanza na Darius baadaye, asinikute.

Nikamtazama Mzee Tadeo, nangoja kufukuzwa. Nilikuwa tayari kwa matusi, nilikuwa tayari kwa yale ya Shabani. Badala yake akafungua chupa, akanywa, akajifuta povu kwenye sharubu kwa kiganja, akatabasamu. Afadhali angenitukana.

"Waridi hili nimelimwagilia mimi," alisema. "Lilikuja hapa halijui kitu."

Uongo mtupu! Kupika sabuni nilifundishwa na mama yangu. Yeye Tadeo mpaka leo hajui soda inatangulia au mafuta. Lakini nani aliyeniuliza? Wakaanza kupatana. Chupa ya pili, chupa ya tatu. Mzee anakataa kwa maringo, Darius anambembeleza, Melkiades anainama na kushukuru, murakoze, murakoze cane, kila baada ya neno. Mara Mzee anasema ng'ombe wa maziwa hatoki zizini kwa siku moja. Mara Darius anasema jirani mwema ni yule mnayegawana naye. Mwisho Mzee akapiga goti lake kwa kiganja.

"Sisi Warundi hatunyimani. Mwanzo wa wiki apike hapa kwangu. Mwisho wa wiki apande gari aje kwako. Tumpike pamoja, tumle pamoja!"

Wakacheka mpaka Darius akapaliwa. Unadhani Melkiades alitoa daftari aandike mshahara wangu? Hata! Hakuwa na neno la kuandika. Alishukuru tu, mkono kifuani, mkono uleule.

"Na lile bomba la moshi?" nikauliza. Sauti yangu ilitoka nyembamba, hata mimi sikuitambua.

Melkiades akafurahi kwamba nimeongea. "Ah, Mama, Mzee amenieleza sikioni wakati tunakunywa. Anasema bomba ni hasara bure, hata ule ukuta niupandishe, wezi ni wengi. Anasema wewe kifua chako kimeshazoea moshi, mupishi mugeni ndiye angeteseka. Nimeona ana akili. Murakoze, Mzee."

Kimeshazoea!

Kisha Darius akachukua chupa mpya, akaifuta, akaninyooshea kwa mikono miwili. Kwa mila, alisema, waridi lionje, kisha limpe mwenye nyumba mpya, iwe ishara kwamba limekubali. Kwa kuwa mimi Mwislamu, wamefikiria mbali, ndiyo maana kuna fanta. Akajipongeza mwenyewe kwa hilo.

Ile chupa ilikuwa baridi, inatoa jasho. Nilikuwa na kiu ya kufa, na koo linawasha. Wote wananingoja. Nikajua kabisa kilichokuwa mle ndani ya chupa: nikiionja nina kazi mbili na moshi mara mbili; nisipoionja sina hata moja.

Nikatema mate chini, mbele ya viatu vya Melkiades.

"Kuna mtu hapa ameniuliza mimi?" nikasema. "Hata mmoja? Wewe Melkiades, nilikuja kwako nikakupa siri mbili, ukazipakia kwenye pikapu pamoja na bia. Heshima! Heshima gani inayovua mtu nguo barabarani halafu inamwambia shika fanta? Na wewe Mzee, mwenye mali yangu ni nani? Baba yangu ni Mustafa, kalala makaburini hapo chini, na hata yeye aliponioza aliniuliza. Mnanitia kinyaa. Mawese yenu yaliyooza yananuka vizuri kuliko nyinyi."

"Bibi harusi haongei," Darius akajaribu kutania. Hakuna aliyecheka.

Mzee Tadeo hakunyanyuka. Sharubu bado zina povu. "Ukipita lango lile, Asiya, kuanzia hapa mpaka Nyanza-Lac hutapata hata kuni za kuchochea. Mimi sihitaji kupiga simu safari hii. Kikohozi chako watu wamekisikia wenyewe."

Alisema kweli, shetani yule. Nikaufungua mwiko kwenye vidole, maana uji ulikuwa umeshika, mkono na mti vimekuwa kitu kimoja, nikautumbukiza kwenye pipa, nikaondoka. Halafu nikamsikia Darius akinong'ona, akiwa na wasiwasi wa kweli: bia ya posa ikishafunguliwa hairudishwi, Mzee, ni mkosi, itabidi lipatikane waridi. Na Mzee akajibu, bila haraka, "Si nilisema kwangu ni mengi?"

Sikutaka kugeuka. Niligeuka.

Pascasie alikuwa ameshajitokeza mbele. Alinawa mikono kwenye ndoo, akaipangusa kwenye kitenge. Akapiga goti. Hakuichukua ile fanta, alichukua bia, akanywa funda moja refu, akamkabidhi Melkiades kwa mikono miwili, macho chini kama mwali. Vigelegele vikaanza upya. Rafiki yangu! Yule aliyeniambia nenda, utafia humu bure!

Nilifika langoni, pumzi ikaniishia. Nikashika nguzo, nikakohoa, nikakohoa hadharani kwa mara ya kwanza, sina tena wa kumficha. Nikasikia malapa yanakuja mbio. Sikuinua kichwa.

"Usinishike," nikamwambia. "Nenda kanywe bia yako. Umeningoja nianguke ili ukanyage."

"Mama Kaoutar, nisikie kidogo."

"Wewe ni mchafu kuliko wao. Wao angalau sikuwahi kuwapenda."

Alisogea mpaka kwenye ukuta, akajiinamia, akashika mbavu zake kwa mikono yote miwili, akaanza kukohoa. Kikohozi nilikitambua. Kilikuwa changu: kikavu mwanzoni, kisha kile cha ndani kinachovuta kama kamba kisimani. Kilimchukua muda mrefu. Kilipomwachia akatema, akafunika kwa mchanga kwa ncha ya lapa, haraka, kwa mazoea.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu Pasaka. Nilikuwa nakwenda kukoholea chooni, usisikie. Niliogopa ukijua utaacha kula nami, utahamisha kikombe." Akajipangusa macho. "Iko siku tatu kwa wiki, Mama Kaoutar. Siku tatu kule, hata kama atapandisha ukuta, leo bado haujapanda, hewa iko. Mimi nitachukua hizo tatu."

Nilitafuta neno la kumwambia. Nilikuwa nayo mengi, yote ya matusi, na yote yalikuwa bado mdomoni yana ladha ya soda. Kule ndani Darius akapaza sauti, akiita bibi harusi, wapi bibi harusi, watu wana kiu.

Pascasie akajipangusa mdomo kwa kitenge, akavuta pumzi, akaizuia kifuani kama mtu anayetaka kupiga mbizi, akarudi ndani.